Kusema aksanti si kuchagua: wamama waulizwe wanataka nini



Kuna neno lenye tunasikia kila mara wakubwa wa serkali ao wa mashirika wanapokuja kufungua materinite, kugawa vitanda ao kupiga picha na wamama wenye kubeba watoto: "Wagonjwa wameridhika." Iko katika ripoti, iko katika hotuba, wakati mwingine iko mpaka kwenye ukuta wa sentre ya afya. Wamama waliulizwa, wamama wakajibu "tunashukuru", na mambo ikaishia pale.

Mimi naona ingepaswa kuanzia pale. Juu mama anaweza kushukuru bila kuulizwa hata siku moja anataka nini. Kushukuru ni kitu kimoja, kuchagua ni kitu kingine. Na katika mambo ya uzazi, yaani kubeba mimba ao kungoja kwanza, kuzaa wapi, namna gani, na nani akiwa kando yako, kukosa kuchagua unakulipa na mwili wako, na pesa ya nyumba, wakati mwingine na uhai. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulionyesha kama katika inchi yetu wamama 846 walikuwa wanakufa juu ya mimba ao kuzaa, kwa kila watoto 100,000 wenye kuzaliwa wazima. Hiyo hesabu haikutoka kwa wapinzani. Ilitoka kwa wizara za serkali yenyewe.

Kwa nini kila mutu anasema "tunashukuru"

Mimi ni mumoja wa wale wenye diplome yao inalala ndani ya sanduku ikingojea kazi. Kama wengi wetu, ninaishi na vikazi vya siku chache. Kimoja kilikuwa kuzunguka mitaa ya hapa Beni na fishi mukononi, kuuliza wamama wenye walitoka kuzaa ao kutafuta njia ya kupanga uzazi kama walipokelewa muzuri. Siku kumi. Fishi ilikuwa na swali kubwa moja na majibu matatu: ameridhika sana, ameridhika, hajaridhika. Karibu wote walisema wameridhika.

Lakini mama akimaliza kujibu, anakupa kiti, na hapo mazungumzo ya kweli inaanza. Mumoja aliniambia: "Mutoto yangu iko muzima, mimi niko muzima, nitasema nini tena?" Mwingine akasema: "Nikisema vibaya, kesho mutoto akipata malaria nitamupeleka wapi? Si ni kwa ule ule muganga?" Wa tatu alikuwa na kijiti cha kupanga uzazi katika mukono. Nilimuuliza kama walimwambia njia zingine zenye ziko. Aliniangalia sawa mutu mwenye kushangaa: "Kumbe kuna zingine?" Na yeye pia alikuwa amejibu kama ameridhika sana.

Muangalie hayo majibu matatu. Wa kwanza anapima na kifo: kama hakuna mutu alikufa, basi yote ni muzuri. Wa pili anaogopa, juu katika mutaa wake kuna sentre moja tu na muganga mumoja tu. Wa tatu hajui, na huyu njo ananiumiza roho zaidi, juu mutu hawezi kulalamikia kitu chenye hajui kama ni haki yake. Hakuna mwenye alidanganya kati yao. Waliulizwa tu swali lenye haliwezi kuleta ukweli.

Maswali manne yenye kufaa

Watu wenye kuchunguza mambo ya kupanga uzazi duniani waliiona hii shida zamani. Njo maana hawaulizi tu "umeridhika?" Wanamuuliza mama mambo yenye ilipita kweli siku ile:

Walikuambia juu ya njia zingine, mbali na ile ulipewa?
Walikuambia ile njia inaweza kuleta nini katika mwili wako?
Walikuambia ufanye nini ukiona hayo?
Walikuambia kama una ruhusa ya kubadilisha njia?

Jibu ni ndiyo ao hapana. Hapa heshima kwa muganga haigeuzi kitu: ao walikuambia, ao hawakukuambia. Ninaomba kila musomaji ayaweke katika kichwa, na aulize mama yake, dada yake, bibi yake ao rafiki yake leo mangaribi. Nafikiri majibu itawashangaza.

Tuanze na njia zenyewe. Kuna vidonge vya kila siku. Kuna sindano ya miezi 3. Kuna vijiti vya mukono vya miaka 3 ao 5. Kuna kitanzi cha shaba chenye kinaweza kukaa ndani miaka 10. Kuna kapoti, yenye ni peke yake inalinda pia na SIDA na magonjwa mengine ya zinaa. Kuna shanga za kuhesabia siku. Kuna kunyonyesha, kwa mama mwenye mutoto yake hajafikisha miezi 6, kama anamupa ziwa tu na damu ya mwezi haijarudi. Kuna kufunga kabisa, kwa mwanamuke ao kwa mwanaume, kwa wale wenye hawataki tena mutoto.

Kila moja iko na uzuri wake na shida yake. Yenye inafaa mwanafunzi wa universite haiwezi kuwa ile ile ya mama wa watoto 7 mwenye anauzisha ndizi sokoni. Yenye inafaa mwanamuke mwenye bwana yake iko naye kila siku si lazima ifae mwenye bwana yake anachimba dhahabu mbali na anarudi mara mbili kwa mwaka. Lakini katika sentre nyingi, njia inachaguliwa na stoki. Kama kuna sindano, leo wote sindano. Kama kuna kampanye ya vijiti, juma hiyo wote vijiti. Mama anaingia na shida yake, anatoka na kile kilikuwa ndani ya kabati, anasema aksanti.

Swali la pili na la tatu: mwili. Sindano na vijiti mara nyingi vinageuza damu ya mwezi. Kwa wengine inakuja ovyo ovyo, kwa wengine inapotea kabisa. Mara nyingi si hatari, lakini mama anapaswa kujua mbele. Mama mwenye aliambiwa, akiona damu siku kumi, anarudi kwa muganga. Mama mwenye hakuambiwa anafikiri amerogwa, ao anafikiri hatazaa tena. Na bwana yake anafikiri ametoka kuleta ugonjwa. Kesho yake habari imefika kwenye bomba ya maji, na wamama ishirini wa mutaa hawataki tena kusikia neno planingi. Kiisha wakubwa wanakuja na mikro kusema wananchi wanafuata uvumi. Uvumi hauzaliwi kwenye bomba ya maji. Unazaliwa ndani ya chumba cha muganga, siku mama alipewa sindano bila neno.

Swali la ine linatupeleka kwenye kuacha. Tunasikia wamama wenye walienda kutoa kijiti wakaambiwa "maliza kwanza miaka yako." Wengine waliwekewa bure siku ya kampanye, siku ya kutoa wakaombwa pesa. Mulango wenye unaruhusu tu kuingia si mulango, ni mutego. Kama mama hawezi kuacha siku anataka, basi hata siku ya kwanza hakuchagua.

Ule uchunguzi wa 2013-2014 ulisema tena jambo lingine. Kwa wanawake 100 wenye kuwa na bwana, 8 tu walikuwa wanatumia njia ya kisasa. Lakini 28 walikuwa wanataka kungoja mbele ya mimba ingine, ao kuacha kabisa kuzaa, na hawakuwa na njia yoyote. Kwa hiyo yule anasema "wamama wa kwetu hawataki", amwambie kwanza nani aliwauliza hao 28.

"Leta kwanza bwana yako"

Hili neno kila dada aliyeolewa analijua. Anafika, muganga anamuuliza: bwana yako anajua? Aje aweke sinyature. Kama bwana hakuji, mama anarudi nyumbani na mikono mitupu.

Wandugu, tusome sheria. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, yenye inapanga mambo ya afya katika inchi yetu, inasema katika kifungu cha 81 kama kila mutu mwenye yuko katika umri wa kuzaa anaweza kupata njia ya kupanga uzazi, kiisha kuelezwa, na kwa kupenda kwake mwenyewe. Kifungu cha 82 kinaongea juu ya wenye kuoana kisheria: kinaomba wote wawili wasikilizane juu ya njia. Lakini muangalie muzuri mwisho wake: wasiposikilizana, ni mapenzi ya yule mwenye kuhusika njo inapita. Yaani yule mwenye mwili.

Waganga wengi wanakumbuka nusu ya kwanza ya kile kifungu na kusahau nusu ya pili. Na nusu ya pili njo inageuza yote. Bwana akikataa, sheria haisemi mama arudi nyumbani. Inasema mama njo anakata shauri.

Tukumbuke pia kama Kode ya Familia ya 1987 ilikuwa inamulazimisha mwanamuke mwenye kuolewa kuomba ruhusa ya bwana kwa matendo mengi ya kisheria. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ile ruhusa. Imepita miaka mingi, lakini katika vichwa vya watu na katika vyumba vya sentre, 1987 haijaisha.

Sisemi bwana afukuzwe. Bibi na bwana wakikaa wote mbele ya muganga, wakauliza, wakaelewa, ni jambo la muzuri sana. Mama anapata mutu wa kumusaidia siku damu inageuka. Lakini ni mama njo anamualika bwana, si muganga njo anamuomba kama karatasi ya kupita barrière. Mufikiri mama mwenye bwana yake ni askari kwenye fronti. Mwenye bwana yake alipotea wakati wa kukimbia. Mwenye bwana yake anamupiga. Huyo unamwambia alete nani?

Na sisi wenye hatujaoa ao kuolewa?

Hapa ninaongea na wewe mwenye unasoma kwenye telefone, mwenye umri wa miaka 18, 20, 24. Kifungu cha 81 kinasema "kila mutu". Hakisemi kila mutu mwenye kuvaa pete. Lakini msichana akiingia katika sentre kuomba njia, mara nyingi jambo la kwanza anapata si maelezo, ni mahubiri. "Wewe mutoto wa nani? Mama yako anajua?" Na yule muganga anasali kanisa moja na mama yako, mangaribi habari iko nyumbani. Ndipo msichana anaenda farmasi ya barabarani, ananunua kidonge bila maelezo, ao haendi popote. Kiisha miezi mitatu masomo yake imeisha, na kijana mwenye kumupa mimba anaendelea na auditware.

Kuna jambo la nguvu zaidi kwetu wa Mashariki. Msichana ao mama mwenye kubakwa, dawa ya kuzuia SIDA inapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kidonge cha kuzuia mimba ndani ya siku 5, mapema zaidi njo bora. Muganga mwenye anaanza kumuomba karatasi ya polisi, ao mwenye kumutuma akalete muzazi, anakula zile saa. Pale kuchagua si mambo ya mabwanyenye wa Kinshasa. Ni saa zenye zinahesabiwa.

Wakaka, hii ni yetu pia. Tunapiga kelele kila siku juu ya haki, juu ya sauti ya raia. Kiisha tunarudi nyumbani na kumwambia dada wetu kama mwili wake ni mambo ya familia. Haiwezekani kuomba serkali ituulize kama sisi wenyewe hatuulizi.

Siku ya kuzaa

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa maagizo juu ya namna ya kumuhudumia mama siku ya kuzaa. Kati ya mambo yenye lilishauri: mama akae na mutu mwenye amechagua kando yake, achague namna ya kukaa ao kulala wakati wa kusukuma, aambiwe kinachoendelea kwa lugha yenye anasikia, ahudumiwe kwa heshima. Muhesabu bei ya hayo. Hakuna jenereta ndani, hakuna mashini kutoka Ulaya. Hakuna kitu cha kungojea bajeti. Kusema na mama badala ya kumupigia kelele ni bure.

Kuna wakati mama anapaswa kupasuliwa, na kupasuliwa kunaokoa. Hakuna mwenye akili anaomba daktari afanye mukutano wakati mutoto anakufa. Lakini mara nyingi karatasi inawekwa sinyature na shemeji kwenye koridore, wakati mama mwenyewe iko macho na anasikia yote. Dakika mbili zinatosha kumwambia: tunakupasua juu ya sababu hii. Na kiisha, kabla hajatoka, aandikiwe katika karatasi yake kwa nini alipasuliwa. Hiyo si kumupendeza. Mama mwenye alipasuliwa anapaswa kuzalia mimba ingine mahali penye wanaweza kupasua tena kama inaombwa. Kama hajui sababu, atachagua namna gani mahali pa kuzalia?

Halafu kuna pesa. Wote tunajua wamama wenye walimaliza kuzaa na wakabaki lopitali majuma, mutoto mugongoni, juu deni haijalipwa. Tuite hiyo jina lake: ni kifungo. Katiba ya 2006, kifungu cha 17, inasema hakuna mutu anaweza kufungwa isipokuwa kwa nguvu ya sheria. Kifungu cha 47 kinasema afya ni haki. Hakuna sheria yenye inageuza materinite kuwa gereza. Septemba 2023 Rais alizindua huko Kinshasa mupango wa kuzaa bure na kuhudumia watoto wachanga bure, kiisha ikatangazwa kwa majimbo mengine. Ni hatua nzuri, na tunaitaka ifike kweli kwetu. Lakini tuwe macho: bure haiondoi haki ya kuuliza. Kuna wenye wanafikiri mama mwenye halipi anapaswa kunyamaza. Ni pesa ya raia njo inalipa. Mwenye kuhudumiwa bure amekwisha kulipa sokoni, kwenye barrière na katika kodi.

Wenye watasema "si wakati wake"

Nitasikia tatu.

Ya kwanza: waganga wamechoka na hawalipwi. Ni kweli. Kuna wenye wanafanya kazi miaka bila jina lao kuwa kwenye orodha ya mishahara ya serkali, na wanaishi na kile wagonjwa wanaleta. Tutasimama nao barabarani juu ya mushahara wao, tulishafanya. Lakini mama si yeye njo aliwanyima mushahara. Muganga mwenye kunyimwa haki yake anapaswa kuwa wa kwanza kuelewa mwenye kunyimwa yake.

Ya pili: hayo ni mambo ya wazungu. Tusome historia. Mwaka 1933 ni mukoloni Mubelgiji njo alitoa dekreti ya kukataza kutangaza dawa za kuzuia mimba. Mwaka 1972 ni Mobutu njo alisimama kuongea juu ya "uzazi wenye kutamaniwa". Mumoja alikataza, mwingine akahimiza, na wote wawili walikata shauri juu ya tumbo la mama bila kumuuliza. Na leo ingali vile. Mwaka 2025, kiisha Marekani kukata musaada wake, dawa za kupanga uzazi za karibu dola milioni 9.7, zenye zingine zilipaswa kufika Kongo, zilibaki kufungwa katika depo huko Ubelgiji, na Marekani ikasema itaziharibu. Mambo ya wazungu ni hayo: mama wa hapa kungojea mukubwa wa ng'ambo amalize kufikiri. Mama kuchagua mwenyewe, hiyo njo yetu. Na serkali yenye inanunua gari za vioo vyeusi inaweza kununua dawa kwa bajeti yake.

Kuna wenye watasema dini. Sentre za kanisa zinaokoa watu wengi katika inchi hii, tunaziheshimu. Lopitali za Kikatoliki zinafundisha njia za asili tu. Ni imani yao. Tunaomba kitu kimoja: mama aambiwe wazi kama njia zingine ziko na wapi atazipata. Kunyamaza mbele yake si imani.

Ya tatu: tuko katika vita. Hapa Beni tunajua vita, hakuna mwenye atatufundisha. Lakini tunajua pia Ebola, na Ebola ilitufundisha. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, na watu 2,287 wakakufa. Mukumbuke mwanzo: magari yanaingia mutaani kwa nguvu, mugonjwa anachukuliwa, familia haijui anafanyiwa nini. Watu walikimbia, wakaficha wagonjwa, wakarusha majiwe. Kiisha kukaja vile vyumba vya plastiki vyenye familia inaweza kuona mugonjwa wake ndani, watu wakaanza kuelezwa, na wengi wakaja kwa miguu yao. Na mukumbuke wamama wenye mimba: chanjo ilikuwepo, jirani zao walichanjwa, wao wakaambiwa hapana, mpaka 2019 wakuu walipogeuza shauri. Inawezekana waliogopa kwa haki juu ya mutoto wa ndani. Lakini kwa miezi mingi, mama mwenye kulala nyumba moja na mugonjwa hakuulizwa anapendelea hatari gani. Vita haituambii tusiulize watu. Inatuonyesha bei ya kutowauliza.

Tunachodai

Kwa IT wa kila sentre: orodha ya njia zote zenye ziko, na zile zenye haziko, ibandikwe kwenye ukuta kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale, pamoja na bei. Kutoa kijiti ao kitanzi kuwe siku yoyote, bila kuomba sababu. Kifungu cha 82 kibandikwe kizima, na nusu yake ya pili.

Kwa daktari mukubwa wa zone de santé: yale maswali manne yaingizwe katika kila uchunguzi wa wagonjwa, yaulizwe na mutu mwenye hafanyi kazi katika ile sentre, na nyumbani kwa mama, si mbele ya muganga. Majibu isomwe mbele ya watu wa mutaa kila miezi mitatu.

Kwa serkali ya jimbo na ya Kinshasa: mupango wa kuzaa bure ulipwe kwa wakati kwa sentre, waganga walipwe, na kusiwe tena mama hata mumoja mwenye kuzuiwa juu ya deni.

Na kwetu sisi: kila aire de santé iko na kamati yake, CODESA, yenye inapaswa kubeba sauti ya raia. Mutafute nani iko ndani katika mutaa wenu. Mara nyingi ni wababa walewale wa kila kiti, na hakuna mwanamuke kijana hata mumoja. Muingie. Muulize tarehe ya mukutano. Mubebe kifungu cha 81 na cha 82 katika telefone, na siku dada yako anaenda sentre, umusindikize kama anataka, umungojee inje kama hataki.

Wamama wetu hawatakomesha kusema aksanti, ni tabia njema yao na inatupendeza. Tunataka tu siku wanasema, iwe juu ya kitu chenye walichagua.